Posa ya Mzee Mahari

Jumatatu, 3 Juni

Ukungu tena. Nimechemsha chai mara mbili, ya kwanza niliisahau mezani ikapoa. Baridi ya Juni huku Mlola haina adabu, inaingia bila hodi. Nimepalilia hoho. Nimefua soksi. Hazitakauka mpaka Alhamisi.

Jana kanisani nilipewa somo la kwanza. Maombolezo ya Yeremia. Nilijiandaa, nikasoma polepole kama mtu mzima. Mstari wa pili tu, benchi la akina mama likaanza kutikisika. Mstari wa nne mchungaji mwenyewe akainamisha kichwa, nikaona mabega yanacheza. Mji umeangamizwa, watu wamechukuliwa mateka, na Walutheri wa Mlola wanacheka. Nikamaliza, nikafunga Biblia, nikarudi kukaa. Mtoto mmoja akapiga makofi.

Sina hasira nao. Uongo. Nina hasira nao.

Lakini sura hii niliiuza mwenyewe. Miaka mingi, kila Jumatano jioni, watu wa nchi hii walikaa mbele ya televisheni kumwangalia Mzee Mahari, mzee wa koti la kuazima anayekwenda kuposa nyumba hii na ile, na kila nyumba anafukuzwa. Kwa fagio, kwa maji ya vyombo, kwa mbwa. Anakwenda mwenyewe bila mshenga, anavua kofia, anaibana kifuani, anasema, "Nimekuja na miguu yangu yote miwili." Hapo nchi nzima inaanguka chini. Ndani ya lile koti nilikuwa mimi. Mwaka jana kituo kilipousimamisha mchezo, nilirudisha chumba cha Dar kwa mwenye nyumba nikarudi kwenye nyumba ya baba. Agnes, mke wangu, alikuwa ameshatangulia zamani, sikuwa na wa kumwuliza. Nilidhani Mahari atabaki kule kule. Amepanda mlima pamoja nami.

Wanaoniita Elieza hapa hawajai mkono mmoja.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya soko. Nimenunua karoti. Ndani nina karoti za wiki iliyopita na za wiki ya kabla yake. Naogopa hata kufunua kapu.

Anayeziuza ni Naomi. Mjane, mume wake aliugua muda mrefu akafariki mwaka juzi. Meza yake ni ya mwisho, karibu na wauza kabeji. Sokoni kote wananipigia kelele, "Mahari! Leo umepata?" Naomi hapigi kelele. Ananipimia, ananiongezea mbili, ananiuliza goti limeamkaje na baridi hii. Goti la kulia, lile nililoliumiza kwa kurushwa dirishani ili watu wacheke. Hajawahi kunicheka. Nimejaribu kumchekesha, siwezi kujizuia, ni ugonjwa. Anatabasamu kidogo kwa heshima, halafu anaangalia pembeni. Mwanzoni iliniuma, nikajua ufundi umeniishia. Sasa naona pale mezani ndipo mahali pekee ninapopumzika.

Leo ameuliza, "Baba Nuru, karoti zote hizi unamlisha nani?" Nikasema sungura. Sina sungura.

Nataka kumwoa. Nimeiandika ili niione. Haichekeshi.

Ijumaa, 7 Juni

Nuru kapiga simu kutoka Mwanza. Binti yangu, muuguzi, mtu makini. Nikamwambia nataka kuposa. Alicheka mpaka akaiweka simu chini. Aliporudi akasema, "Baba, bado unayo!" Alikusudia kunisifu. Nikasema ndiyo, bado ninayo. Tukaongea habari za mvua.

Nimelala saa mbili. Sikuwa na sababu ya kukaa macho.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada nimekwenda kwa Mzee Filemoni. Seremala mstaafu, mzee wa kanisa, rafiki wa marehemu baba. Pengine ndiye mtu pekee huku ambaye hana televisheni na hajawahi kuitamani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kama anavyomwitikia mtu yeyote. Tukakaa jikoni karibu na moto. Nikamweleza. Naomi. Kuposa. Nahitaji mshenga.

Alisukuma kinga motoni kwanza. Kisha akauliza, "Mwanangu, hii ni kazi yenu ile au ni maisha?"

Ni maisha, baba.

"Basi nitakwenda. Ila wewe ukae kwako. Usionekane hata kivuli."

Ndiyo desturi. Mwenye haja hukaa nyumbani, mshenga ndiye mdomo wake. Anayemdharau mshenga amemdharau aliyemtuma, na baba yake, na babu yake. Kichekesho chote cha Mahari kilikuwa hapo: mzee mzima anajipeleka mwenyewe kama anakwenda kuomba chumvi. Leo nimeamriwa kukaa nyumbani na nimefurahi kupita kiasi. Nimerudi kwa miguu mpaka kwangu, goti halikuuma.

Jumatano, 12 Juni

Nimeshuka Lushoto mjini. Nimenunua vya mshenga kwenda navyo: sukari, blanketi zito, na doti mbili za kitenge ambazo muuzaji alinichagulia akiwa anacheka. Nikapita duka la dawa kuomba ya kuchua goti. Binti wa kaunta akasema nisubiri kidogo. Nikadhani anatafuta dawa. Alikuwa anaita wenzake.

Mzee Filemoni amelinyoosha koti lake la kanisani kwa pasi ya mkaa. Familia ya Naomi imeshaambiwa kwamba Jumamosi mchana kuna mgeni wa heri. Tangu baba yao afariki, anayesimama kwa Naomi ni kaka yake Zakaria, mwenye duka pale njia panda. Zakaria ni mtu wa watu. Anacheka kwa sauti. Ana televisheni kubwa dukani. Hii ya televisheni inaninyima raha.

Jumamosi, 15 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nimekaa kwangu kama nilivyoagizwa. Nimemenya karoti. Nimeoga mara mbili. Mchana nikavaa shati jeupe, kwa ajili ya nani sijui, mshenga hurudi na jibu, harudi na bibi harusi. Jua linaanza kulala nikasikia mlango wa uani.

Mzee Filemoni alikuwa amelowa. Kichwa, koti, viatu. Ganda la kiazi limemganda begani. Hakukaa. Amesimama mlangoni akanieleza kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, na mimi nayaandika alivyoyasema, nisije kesho nikayapunguza makali.

Walimpokea vizuri. Walimpa kiti. Aliposema ametumwa na Elieza, wakatazamana. Zakaria akauliza, Elieza yupi? Akajibu, huyu aliyerudi, aliyekuwa kwenye televisheni. Basi. Nyumba ikalipuka. Zakaria alitoka mbio kuita majirani waje haraka, Mahari anapigia picha hapa. Vijana wakaingia migombani kutafuta kamera. Mmoja akapanda mpeasi. Wanamwomba mzee awaonyeshe kamera iko upande upi wasije wakaipa mgongo. Mzee akadhani wamelewa. Akaendelea na maneno yake, yale ya wazee, na kadiri alivyoendelea kwa heshima ndivyo walivyozidi kuanguka. Mke wa Zakaria alikuwa ameshakwenda kubadilisha nguo.

Kisha wakafanya ambacho kila anayemjua Mahari anajua kinafuata. Wakaleta fagio. Wakaleta beseni la maji ya vyombo. Hawakuwa na ubaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Walikuwa wanasaidia mchezo. Walitaka waigize vizuri, wasiaibishe kijiji. Wamemkimbiza mzee wa kanisa kwa fagio mpaka njia panda, wanashangilia, simu zimeinuliwa juu. Sukari imemwagika matopeni.

Nikamwuliza kama Naomi naye alicheka. Ndivyo nilivyo. Mzee anatetemeka kwa baridi, mimi naulizia Naomi. Akajibu kwamba hakuangalia nani anacheka na nani hacheki.

Nilimletea shati kavu. Hakulipokea. Akaondoka hivyo hivyo amelowa.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Baba alikuwa akiniambia hivyo nikiwa mdogo, na mimi nilikuwa namwigiza akiniambia.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda kanisani. Mvua ya rasharasha. Sijala.

Jumanne, 18 Juni

Nuru amenitumia video. Safari hii hakucheka. Ameandika: Baba, ilikuwa kweli? Nimejibu, ndiyo. Akapiga, nikaiacha simu iite.

Nimeiangalia mara tatu. Ni nzuri, Mungu anisamehe. Mzee Filemoni anaongea kwa utulivu kabisa, na beseni linakuja kutoka kushoto. Hakuna mwigizaji anayeweza kusimama vile. Nikajikuta napima muda kama tulivyokuwa tukifanya kazini: bado, bado, sasa mwage. Nimejichukia mwenyewe, kweli kabisa.

Nyuma, mlangoni, yupo Naomi. Mkono uko mdomoni. Kidogo tu, halafu simu inageukia kwingine. Anacheka? Nimeisimamisha picha hapo. Ukiisimamisha sura inapotea.

Jioni mtayarishaji wetu wa zamani amepiga kutoka Dar. Kicheko tangu aseme halo. Anasema nchi nzima inaiangalia, kituo kinataka Mahari arudi, nishuke upesi kabla watu hawajapoa. Na yule mzee wa maji nimemwokota wapi? Nije naye!

Nikasema nitafikiria. Kwa nini nilisema nitafikiria?

Jumatano, 19 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Filemoni mara mbili. Binti yake anasema amelala. Saa nne asubuhi, seremala, amelala. Mara ya pili nilimwona dirishani, amekaa kitandani, amevaa viatu. Aliniona. Hakugeuza uso na hakuniita.

Nikipita shule ya msingi watoto wana mchezo mpya. Mmoja anakuwa mzee, anaongea taratibu, wengine wana fagio. Wanapokezana. Yule anayekuwa mzee ndiye anayependwa zaidi, lazima nikiri, na yule wa leo alikuwa na kipaji.

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Nimetunzwa.

Mtu mmoja tu alikuwa ananisikia nikisema jambo akalichukua kama lilivyo, na nimemlipa kwa maji ya vyombo. Usiku nimeongea na redio. Imeongea yenyewe, haikunijibu, lakini pia haikucheka.

Ijumaa, 21 Juni

Nimevunja desturi. Nimekwenda mwenyewe kwa Zakaria.

Nilijiambia siendi kuposa, naenda kumsemea mzee wangu. Nani angeona tofauti? Nimetokea njia panda na koti, kwa sababu ya baridi, na kofia, kwa sababu ya baridi. Mlangoni pa duka nikavua kofia kama mtu yeyote aliyelelewa. Duka zima chini. Zakaria aliishika mizani asianguke, akaniita kwa Kishambaa kama mwanaume mwenzake. "Mgoshi! Na miguu yako yote miwili?"

Nikaanza kusema. Nikisema taratibu wanacheka. Nikipandisha sauti wanacheka zaidi, maana Mahari naye hukasirika. Nikanyamaza, wakapiga makofi. Nimeifanya kazi hii tangu ujana wangu, na leo nilitafuta usoni mwangu sura moja, moja tu, isiyochekesha, nikaikosa. Nilizijaribu zote. Mtu mmoja alikuwa ameinamia gunia la unga, anafuta machozi, ananiomba basi, basi, Mahari, utatuua.

Aliyeniokoa ni shangazi yao, Shangazi Eunike. Bibi mwembamba, alikuwa kwenye kona nyuma ya magunia anachambua maharage, sikuwa nimemwona. Akauliza bila kuinua macho, "Filemoni ameanza lini kuigiza?"

Nikasema Filemoni haigizi.

"Ndiyo nauliza. Filemoni huyu aliyekataa kuwa Yusufu siku ya Krismasi, akasema yeye ni seremala wa kweli, si wa mchezo?"

Huyo huyo, shangazi.

Akaweka ungo chini. Akamwangalia Zakaria. Kicheko hakikukatika mara moja, kiliisha kidogo kidogo, mpaka akabaki mmoja anacheka peke yake, naye akajishtukia. Zakaria akakaa juu ya gunia. Akaniuliza kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Ina maana dada yangu ulikuwa unamtaka kweli?"

Nikasema namtaka.

Nikavaa kofia nikaondoka. Sijui kama mwandiko huu utasomeka.

Jumatatu, 24 Juni

Wamekuja kwa Mzee Filemoni: Zakaria, wazee wawili wa ukoo wao, na Shangazi Eunike. Ukimkosea mshenga huendi na mdomo mtupu. Wameleta beberu mweusi, blanketi, na koti. Koti ndilo lililonigusa. Zakaria amelitafuta mwenyewe mjini, jeusi, la umbo la mzee.

Niliitwa nikae pembeni, nisiseme. Waliongea Kishambaa tangu mwanzo mpaka mwisho. Zakaria alipiga magoti kwenye sakafu, mwanaume mkubwa vile. Mzee Filemoni alimwacha pale kwanza, muda wa kutosha, ndipo akamwinua. Akasema ameyapokea, ila video ile irudishwe. Wakasema hairudi, imeshasambaa. Mzee hakuelewa mtu anawezaje kutoa nje kitu ambacho hawezi kukirudisha ndani. Hakuna aliyeweza kumweleza. Mimi nilikuwa na maelezo mengi na yote yalikuwa upuuzi.

Halafu akasema maneno aliyotumwa bado yako mdomoni, hajayamaliza. Akavaa lile koti jipya, akasimama, akayasema yote upya. Akaanza na jina la babu yangu, akaja kwa baba, akaja kwangu. Nani ni nani, ametoka wapi, analima nini, amefiwa na nani, anaomba nini. Hakuna aliyecheka. Wazee wakawa wanatikisa vichwa, neno kwa neno, kuonyesha wamesikia. Mimi nimetazama viatu vyangu. Mbele ya kamera sijawahi kuogopa hivi.

Jibu litakuja Alhamisi.

Walipoondoka, mzee alinisogezea bakuli la makande. Nimekula yote.

Jumanne, 25 Juni

Sitaki kuandika matumaini. Nimepaka chokaa chumba cha mbele.

Alhamisi, 27 Juni

Sikwenda sokoni. Haipendezi kwenda kumkodolea macho mtu siku ya jibu.

Asubuhi amekuja Mzee Filemoni akiongozana na Shangazi Eunike. Kwa taratibu jibu lingeishia kwa mshenga, yeye ndiye aniletee. Shangazi aliomba alifikishe mwenyewe. Alisema hili halifai kupitia mdomo wa mwanaume. Nikawapa chai. Shangazi hakuigusa kwanza.

Naomi amekataa.

Naandika maneno ya shangazi jinsi alivyoyasema.

"Baba Nuru, Naomi hakucheka siku ile. Alijua ni kweli tangu zile karoti zako. Anasema wewe ni mtu mwema, hana neno na wewe." Akajifunga vizuri kitenge. "Mume wake alipokuwa amelala pale ndani, hali, hasemi, hata mtoto hamtaki. Jumatano tu. Ikifika Jumatano wanamwinua, wanamwegemeza, wanamwashia. Alikuwa anakucheka wewe, baba. Kuna ile ya mbuzi aliyekula barua ya posa. Siku hiyo alicheka mpaka Naomi akamshikilia asidondoke kitandani. Na hiyo ndiyo ilikuwa wiki ya mwisho. Sasa Naomi kila akikuona mezani kwake, anamsikia mume wake anacheka. Anapenda uje. Anakungoja uje. Lakini hawezi kulala na wewe huku anamsikia yeye."

Mzee Filemoni akasema, tumesikia. Nami nikasema nimesikia. Ndipo shangazi akanywa chai, akaimaliza, hakuharakisha. Akaniuliza hoho zimefikia wapi. Nikamwambia zina wadudu. Akaniambia nizimwagie maji ya majivu.

Nimekataliwa mara nyingi kuliko mwanaume yeyote wa nchi hii. Sikuwahi kukataliwa na mtu aliyefikiria kwanza. Inauma sana. Inauma kama inavyowauma watu.

Ijumaa, 28 Juni

Nimempigia mtayarishaji. Nimemwambia yule mzee si mwigizaji, hataenda popote, na asimwite tena mzee wa maji. Kuhusu Mahari, nimemwambia mwaka huu hapana. Mwakani sijui. Akasema mwakani watu watakuwa wameshasahau. Nikasema inawezekana.

Nuru amepiga. Nimepokea. Nikamweleza yote tangu karoti, na nilipomaliza nikamsikia anapenga kamasi. Anakuja Agosti, ameomba likizo. Nimemwambia asilete karoti. Akacheka, na mimi nikamwacha acheke.

Bado napeleka mkono upande wa pili wa kitanda, uliokuwa wa Agnes. Nilidhani nimeacha.

Jumapili, 30 Juni

Mchungaji hakunipa somo. Amempa mwalimu. Nimekaa benchi la Mzee Filemoni, tumetumia kitabu kimoja cha nyimbo kwa sababu miwani yake imevunjika mkono mmoja. Naomi alikuwa upande wa akina mama, safu ya tatu. Nje amenisalimia, nimemsalimia. Goti? Goti halijambo. Tumeagana.

Mchana mvua. Nimekaa chumba cha mbele, bado kinanuka chokaa. Nimeitafuta ile ya mbuzi kwenye simu. Sikuwahi kupenda kujiangalia, kazini nilikuwa natoka nje wenzangu wakiangalia. Leo nimekaa nikaangalia yote. Nilikuwa nasubiri mahali ambapo yule mume alicheka. Sikumjua mtu yule, sijui hata alikuwa anacheka kwa sauti gani. Mbuzi akala barua mpaka bahasha. Baba mkwe akauliza, haya, barua ilisemaje? Mahari akamwangalia mbuzi, akapiga magoti mbele yake, akamwomba kwa unyenyekevu ayasome yale aliyomeza.

Nikasikia mtu anacheka mle chumbani. Nilikuwa mimi.

Nimezima simu. Mvua imepungua. Nimeweka maharage jikoni.